Freyssinet aliinua daraja kwa jeki. Je, nami niinue slabu yetu?

"Nasomea ufundi ujenzi, mwaka wa pili. Mwalimu alitusimulia habari za mhandisi Mfaransa, Eugène Freyssinet, kwamba daraja lake lilianza kushuka lenyewe, akaenda usiku na jeki akaliinua kabla halijaanguka, na hapo ndipo akavumbua zege la kuvutwa kwa waya. Fundi ninayejifunza kwake anacheka. Anasema zege likishakauka ni jiwe, halisogei, na hilo zege la waya ni nondo nyingi tu zimeongezwa. Nani mkweli? Nauliza kwa sababu slabu ya nyumba yetu, chumba chenye upana wa mita nne, imebonyea katikati kama sentimita tatu nikipima kwa kamba. Ilimwagwa miaka miwili iliyopita. Nikiweka jeki katikati nikaipandisha taratibu kama alivyofanya yeye, itarudi?"

Usiweke jeki. Nalitanguliza hilo kwa sababu jibu langu ni refu, nami sitaki uwe umeshaazima jeki kabla hujafika mwisho. Sababu nitazieleza. Zimo ndani ya kisa hichohicho cha Freyssinet, ukikisoma kwa makini kuliko kinavyosimuliwa kwa kawaida.

Kuhusu nani mkweli, mwalimu wako yuko karibu zaidi, ila amekiunganisha kisa mahali ambapo hakiungani. Fundi wako naye hajakosea kwa uzembe. Anasema walichokiamini wahandisi wakubwa wa dunia hadi mwanzoni mwa karne iliyopita. Walikokotoa ugumu wa zege kana kwamba ni namba moja isiyobadilika: ukilibebesha mzigo litabonyea kidogo, likishabonyea limemaliza. Walijua pia kwamba zege husinyaa linapokauka, lakini walilichukulia jambo hilo kuwa dogo na la muda mfupi.

Freyssinet alizaliwa 1879 huko Objat, mji mdogo wa Corrèze, akapita École Polytechnique kisha shule ya wahandisi wa madaraja na barabara mjini Paris. Mwaka 1905 alipangiwa kazi Moulins, katikati ya Ufaransa, kusaidia halmashauri ndogo za vijijini ambazo hazikuwa na fedha. Humo alibuni madaraja matatu ya kuvuka mto Allier: Le Veurdre, Boutiron na Châtel-de-Neuvre. Yalikuwa ya bei ndogo kiasi kwamba mkandarasi, François Mercier, alijitolea kuyajenga yote matatu kwa fedha ambazo mpango wa kawaida ungezimaliza kwenye moja. Unafuu huo ulitokana na umbo. Matao yake yalikuwa membamba na yamelala mno. Kwa Le Veurdre, tao la katikati lilikuwa na urefu wa mita 72 na ushee, na kimo chake kilikuwa kama moja ya kumi na tano tu ya urefu huo, yaani karibu mita tano.

Tao lililolala hivyo halisamehe. Chukua karatasi ukokotoe nami. Ligawe tao katikati upate mikono miwili, kila mmoja kama mita 36, inayoegemeana kileleni. Sasa chukulia kwamba zege linapungua nusu milimita kwa kila mita, kiasi cha kawaida kabisa kwa zege changa lililobebeshwa mzigo mapema. Kila mkono umepungua milimita 18. Kilele kitashuka kiasi gani? Si milimita 18. Kwa kuwa mikono imelala, upungufu huo huzidishwa kwa uwiano wa urefu wa mkono na kimo chake, yaani 36 kwa 5, zaidi ya mara saba. Unapata karibu sentimita 13. Na tao likishuka sentimita 13 kutoka mita tano, limelala zaidi, kwa hiyo msukumo wake unaongezeka, kwa hiyo zege linazidi kubanwa, kwa hiyo linazidi kupungua. Huo mduara hauna mwisho mwema.

Ndicho alichokiona. Daraja lilifunguliwa, likajaribiwa kwa mizigo, watu wakafurahi. Miezi ikapita, naye akawa anatazama mstari wa kingo za daraja, uliokuwa umenyooka, unaanza kuinama. Kilele kilishuka zaidi ya sentimita kumi. Kwa maelezo yake mwenyewe ya miaka mingi baadaye, alipanda baiskeli usiku, akawaamsha watu wachache aliowaamini, wakaweka jeki kileleni mwa matao na kuyainua. Kisha akazijaza zege zile bawaba za kileleni, yaani viungio ambapo mikono miwili hukutana, ili tao liwe kitu kimoja. Daraja lilitulia, likadumu hadi lilipobomolewa katika Vita vya Pili vya Dunia. Ndugu yake wa Boutiron, karibu na Vichy, bado lipo.

Kisa hiki tunakipata hasa kutoka kinywani mwa mhusika, na Freyssinet hakuwa mtu wa kujisimulia kwa unyenyekevu. Ya baiskeli na usiku unaweza kuyapunguza upendavyo. Kushuka kwenyewe si hadithi, kwa sababu hesabu ile ya karatasi inafika palepale bila kumtegemea.

Jambo moja hupotea masimulizini: nafasi za kuwekea jeki zilikuwa tayari. Alizitengeneza kileleni tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa amebuni njia ya kuliondoa tao kwenye kiunzi cha mbao kwa kulisukuma badala ya kukishusha kiunzi. Jeki zinalala, zinausukuma mkono wa kushoto na wa kulia kando. Kwa kuwa ncha za tao zimeegemea misingi ya kandokando isiyosogea, mikono haina pa kwenda ila juu. Tao likipanda hivyo, zege lake lote linaendelea kubanwa, na zege hupenda kubanwa. Shikilia hapo, tutaparudia tukifika kwenye slabu yako.

Zege husogea kwa namna mbili. Ya kwanza ni kusinyaa: maji yaliyobaki ndani hukauka, na zege hupungua hata kama halina mzigo wowote. Ya pili ndiyo iliyomtoa Freyssinet kitandani. Zege lenye mzigo wa kudumu huendelea kunywea polepole, mwezi baada ya mwezi, ingawa mzigo haujaongezeka hata kilo moja. Simenti iliyoganda si jiwe. Ni mrundikano wa tabaka ndogo mno zenye maji yaliyonaswa katikati, na zikibanwa muda mrefu, maji hujipenyeza kwingine na tabaka hujipanga upya. Zege lililobebeshwa mzigo likiwa changa hunywea zaidi, na lililoongezewa maji ili limwagike kirahisi ndilo baya kuliko yote. Mwendo huu ni wa kasi mwanzoni na hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo usiogope kila nyumba ya ghorofa. Mhandisi wa leo anaujua unyweaji huu na anauweka kwenye hesabu zake.

Sasa pale mwalimu wako alipounganisha vibaya. Zege la kuvutwa kwa waya halikuzaliwa usiku ule. Wazo la kulibana zege kabla ya kulibebesha mzigo Freyssinet alikuwa nalo tangu akiwa mwanafunzi, akisikiliza mihadhara ya Charles Rabut. Wala hakuwa wa kwanza duniani. Miaka ya 1880 P. H. Jackson wa San Francisco na Döhring wa Berlin walikuwa wameshachukua hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, za mbinu za namna hiyo. Wazo lenyewe ni rahisi: panga vitabu kumi, vibane kwa viganja viwili pande zote, utaweza kuviinua vyote kama ubao mmoja. Zege ni imara likibanwa na dhaifu likivutwa. Ukilibana mapema, mzigo utakapokuja kulivuta utakuta kwanza kuna mbano wa kuumaliza.

Mbona basi waliotangulia walishindwa? Walivuta chuma, wakakifunga, boriti ikafanya kazi vizuri, kisha baada ya muda mbano ukatoweka. Chukua boriti ya mita kumi. Chuma laini cha kawaida walichokitumia kilivutwa, tuseme, kwa niutoni 120 (niutoni ni kipimo cha nguvu) kwa kila milimita mraba. Kwa mvuto huo kila mita hurefuka milimita 0.6, kwa hiyo chuma chote kimerefuka milimita 6. Kisha zege linasinyaa na kunywea. Kwa pamoja likapungua milimita 0.6 kwa mita, ni milimita 6. Chuma kimerudi kwenye urefu wake wa asili na hakivuti kitu. Umebaki na boriti ya kawaida yenye nondo chache.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa waya mgumu uliovutwa kwa niutoni 1,000. Huo umerefuka milimita 50. Zege likikunyang'anya zilezile 6, bado unazo 44, karibu asilimia 90 ya mvuto. Waya wenyewe nao hulegea kidogo kwa miaka, lakini hesabu inasimama. Kwa maoni yangu kazi yote ya maisha ya Freyssinet imo humo. Waliomtangulia walijua kuvuta. Yeye alijua zege lingewadai kiasi gani baadaye, akatafuta chuma chenye uwezo wa kulipa deni hilo na kubaki na akiba. Ukimweleza fundi wako, mwambie kwamba boriti ya waya mara nyingi ina chuma kidogo kuliko ya nondo. Tofauti haiko kwenye wingi.

Hakufika huko kwa siku moja. Katikati kulikuwa na miaka ya kazi kubwa. Alianza kutumia mtetemo kulishindilia zege ili litumie maji machache. Alijenga maghala mawili ya ndege-puto huko Orly, zege jembamba lililokunjwa kama karatasi, kimo karibu mita 60, ambayo mabomu ya 1944 yaliyafuta. Halafu likaja daraja la Plougastel karibu na Brest, lililokamilika 1930, matao matatu ya zaidi ya mita 180 kila moja, yakiwa marefu kuliko tao lolote la zege duniani wakati huo. Kiunzi kimoja kikubwa cha mbao kilielea juu ya maji kikahamishwa kutoka tao hadi tao, kikitumika mara tatu. Katika mradi huo alipima kwa miaka jinsi zege linavyopungua, akapata uhakika wa namba alizozihitaji. Mwezi Oktoba 1928, pamoja na Jean Séailles, akaomba hataza.

Hapo alikuwa na miaka karibu hamsini, anaheshimika na ana cheo kizuri kwenye kampuni. Akaacha. Akatia fedha zake kwenye kiwanda cha Montargis, akitengeneza nguzo za umeme zenye uwazi ndani, nyembamba, za zege la kuvutwa. Nguzo zilikuwa nzuri, ila mdororo wa uchumi ukawaondoa wanunuzi na mradi ukafilisika. Wasimulizi wengi huruka sehemu hii. Mimi naona ndiyo inayoonyesha alikuwa mtu wa namna gani.

Kilichomwokoa ni jengo lililokuwa linazama. Kituo cha abiria wa meli bandarini Le Havre, kilichojengwa juu ya tope kwa ajili ya meli kubwa za Atlantiki, kilikuwa kinashuka mwezi baada ya mwezi, na si kwa usawa, sehemu hii zaidi ya ile. Mwaka 1934 Freyssinet aliziunganisha tako za nguzo kwa boriti mpya za zege lililobanwa kwa waya ili jengo lisimame kwa pamoja, kisha akashusha nguzo mpya za ardhini kutokea ndani ya jengo lenyewe. Nguzo hizo zilimwagwa kipande kimoja kimoja, zikakomazwa kwa mvuke ili ziwe tayari baada ya saa chache, kisha jeki ikazisukuma chini huku ikiegemea uzito wa jengo juu yake. Jengo likaacha kuzama. Kampuni ya Campenon-Bernard ikamchukua, na tangu hapo hakukosa kazi. Mwaka 1939 alibuni kifungio cha kabari ya koni na jeki yake, waya unavutwa kisha kabari inaugandamiza. Mifumo ya leo bado inafuata wazo hilo la kabari. Likafuata daraja la Luzancy juu ya mto Marne, mita 55, lililoanzwa 1941 likakamilika 1946 kwa sababu ya vita, na baada yake madaraja mengine matano ya mita 74 juu ya mto huohuo. Alifariki 1962.

Turudi kwenye slabu yako.

Tao lote limebanwa. Slabu haiko hivyo. Slabu iliyoegemea kuta mbili inapopinda, upande wa chini katikati unavutwa na upande wa juu unabanwa, ndiyo maana nondo za katikati huwekwa chini. Juu, katikati, huenda hakuna nondo kabisa. Ukiweka jeki pale ukasukuma, unaigeuza kazi ya slabu: juu ya jeki zege litavutwa upande usio na chuma, nalo litapasuka. Zaidi ya hayo umetengeneza nguzo ambayo haina msingi, inayosukuma sakafu ya chini kwa nguvu isiyojulikana na kuichoma slabu mahali padogo kama sahani. Na hata ikipanda, haitabaki juu. Kupinda kulikotokana na kunywea hakurudi kwa kusukumwa, ukiondoa jeki itashuka tena ikiwa na nyufa mpya.

Sentimita tatu ni nyingi au chache? Kipimo kinachotumika sana kwa mzigo wa kudumu ni urefu gawa kwa 250. Kwa mita nne ni milimita 16. Umeuzidi karibu mara mbili, kwa hiyo si jambo la kupuuza. Jua pia kwamba slabu nzima isiyo na kasoro hupinda kwa jumla mara mbili hadi tatu ya ilivyopinda siku mirunda, zile nguzo za kuishikilia, ilipoondolewa, kwa sababu ya kunywea. Sehemu ya unachokiona inaweza kuwa ya kawaida.

Kabla ya kuilaumu slabu, angalia kama ilimwagwa ikiwa imebonyea. Mirunda ikisimamishwa kwenye udongo laini huzama zege likiwa bado bichi, na hakuna anayegundua mpaka boksi, yaani mbao zilizolishika zege, litolewe. Pima upande wa juu pia, kwa mpira wa maji. Kama juu kumenyooka, na ni chini tu kulikobonyea, boksi ndilo lililoshuka, na slabu ni nene zaidi katikati. Kama juu na chini vimebonyea karibu sawa, slabu yenyewe imeshuka. Kipimo hiki hudanganya pale sakafu ilipopigwa lipu au vigae baadaye ili kusawazisha, kwa hiyo uliza kwanza.

Kisha pima mwendo. Weka misumari miwili kwenye kuta zinazokabiliana, vuta uzi mwembamba, pima nafasi kati ya uzi na dari katikati, andika tarehe. Rudia kila baada ya wiki mbili, saa zilezile za siku. Kila mwisho wa ufa chora mstari wa penseli na tarehe. Slabu ya miaka miwili iliyo salama inapaswa kuwa karibu imetulia.

Kuna dalili ambazo hazingoji wiki mbili. Ufa wa mshazari karibu na ukuta au nguzo, ufa unaoingiza ukucha, kutu inayochuruzika, zege linalobanduka vipande, sauti za kupasuka, mlango uliokuwa unafunga vizuri ukaanza kukwama. Ukiona mojawapo, ondoa mizigo juu ya slabu hiyo, watu wasilale chini yake, na umwite mhandisi wa majengo siku hiyohiyo, yule aliyesajiliwa na anayeweka saini yake. Akiagiza mirunda ya tahadhari, ataonyesha isimame wapi, na itakazwa mpaka iguse tu, si kusukuma.

Hata bila dalili hizo, kwa kipimo ulichonipa ningemwita aje aone. Atakachoshauri kitategemea anachokikuta. Kama imetulia na nguvu inatosha, huenda akasema iache, utengeneze dari ya kuficha. Wala usikubali kujaza zege juu ili kusawazisha sakafu, maana unaongeza uzito juu ya kitu kilichochoka. Kama nguvu haitoshi, boriti ya chuma au ya zege chini yake ndiyo njia ya kawaida, ingawa hupunguza kimo cha chumba. Karatasi za nyuzi za kaboni zinazogundishwa chini huongeza nguvu lakini haziinui slabu, na wauzaji wengine hawalisemi hilo. Nyaya za kuvutwa kutoka nje zipo pia, lakini kwa slabu nyembamba ya nyumba ni nadra kufaa, na waya uliovutwa ukikatika unaua. Asiyefundishwa asiuguse.

Akija, mpe vipimo vyako vyote na tarehe zake. Mwambie mirunda ilikaa siku ngapi kabla ya kutolewa na kama maji yaliongezwa kwenye zege baada ya kuchanganywa. Na kama kuna mtu alipiga picha ya nondo kabla ya kumwaga, mtafute. Picha hiyo itamwonyesha kama nondo za katikati zilipandishwa kwa vijiwe au zililala kwenye mbao, na itampunguzia kazi ya kutoboa.